Njooni na Viti

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeacha utumwa! Kwaheri duka la rangi la shemeji, kwaheri makopo, kwaheri vumbi la chokaa. Kuanzia sasa mimi ni Mhariri Mkuu wa Tarumbeta la Mtaa, gazeti huru litakaloishi kwa michango ya wasomaji wake tu. Halina tajiri, halina chama, halina matangazo ya biashara. Kwa sasa halina msomaji pia, lakini toleo la kwanza linatoka kesho.

Ofisi ni chumba cha mbele, alimokuwa akishonea mama watoto. Cherehani tumeihamishia koridoni, karibu na mlango wa choo. Hakupiga kelele. Alikunja mikono tu, akaniambia nina mpaka Jumapili: nipate wachangiaji thelathini wa kuliendesha gazeti, la sivyo cherehani inarudi mahali pake na mimi narudi kwenye rangi. Nikacheka. Thelathini! Nitawapata kabla chai haijapoa.

Jioni akaja shemeji, kaka yake mama watoto. Akasema atachangia kwa moyo mweupe, mradi rangi zake zisifiwe ukurasa wa mbele. Nilisimama wima, nikamwambia kalamu yangu haiuzwi. Akasema hajauliza bei ya kalamu. Watu wengine hawana adabu mbele ya uandishi.

Jumanne, 5 Mei

Limetoka! Karatasi moja iliyokunjwa, kurasa nne, wino bado unachafua vidole. Habari kubwa ni kidaraja cha mbao kinachovuka mfereji kwenda sokoni. Mbao zimeoza siku nyingi. Juzi muuza mayai alitumbukia mguu mmoja na trei mbili. Nilikwenda ofisi ya mji kuchunguza. Mlinzi akanizuia getini, basi nikachunguza ubao wa matangazo kwa kuuchungulia juu ya bega lake. Nikaona: kikao kuhusu kidaraja, Alhamisi alasiri. Bahati gani hiyo!

Sasa siri ndogo. Mchapaji alipopanga ukurasa, habari ilikuwa fupi kuliko safu. Chini pakabaki pengo la mistari miwili, jeupe, la aibu. Akasema niongeze maneno upesi, mashine inasubiri. Nikaongeza: “Wakazi wote wanakaribishwa. Njooni na viti.” Safu ikajaa sawasawa! Hiyo ndiyo inayoitwa taaluma.

Wachangiaji hadi jioni: mmoja. Mama mkwe. Amesema anachangia kwa ajili ya binti yake, si kwa ajili yangu.

Jumatano, 6 Mei

Adui nimemjua. Ni Kinyozi wa ng’ambo ya barabara. Nilimpa nakala moja kwa heshima, naye anawasomea wateja kwa sauti, tena wakiwa wamefungwa shuka shingoni, hawana pa kukimbilia. Nakala moja, nusu ya mtaa imeshiba habari! Nikavuka, nikamwomba kistaarabu awe anaishia katikati ya habari ili watu walitafute gazeti wenyewe. Akasema wazo zuri sana, na akauliza kama yeye naye aanze kunyoa nusu kichwa. Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Nikajikausha, nikatoka.

Mchana, simu. Afisa Ujenzi wa ofisi ya mji! Sauti ya mtu aliyezoea kugonga mihuri. Akataka kujua ni nani aliyewaalika wakazi wote kwenye kikao cha kamati ya watu watano, katika chumba chenye meza moja. Nikasema ni vyanzo vyetu vya kuaminika. Akasema nikanushe leo hii, kwa maandishi.

Nikanushe! Gazeti lenyewe halijamaliza siku mbili duniani! Mama watoto akasema nikanushe tu, maana uongo ni uongo hata kama umejaza safu vizuri. Nikamweleza kwamba ule haukuwa uongo, ulikuwa mpangilio wa ukurasa. Akanitazama. Nikakanusha. Nimeandika kwa mkono, kwa unyenyekevu mkubwa na herufi ndogo, nikabandika kwenye nguzo ya umeme. Upande unaotazama ukuta.

Wachangiaji: bado mama mkwe.

Alhamisi, 7 Mei

Hapa hasomi mtu, kwa hiyo niseme ukweli. Naogopa. Si Afisa. Naogopa kumwona mama watoto akiirudisha cherehani bila kunisema neno. Angenisema ningejitetea, kujitetea naweza. Na watu je? Watafika ofisi ya mji, watafukuzwa kama kuku, na kila mmoja atajua aliyewadanganya anakaa nyumba ipi.

Nikabuni mpango madhubuti: kabla hawajarudi na hasira zao, nimwangukie shemeji anirudishie kazi. Nikafika dukani mapema alasiri. Pamefungwa! Nikakaa kizingitini kumsubiri. Hapiti mtu. Genge la mboga limefunikwa turubai. Kibanda cha Kinyozi kiko wazi, Kinyozi hayupo, na benchi la wateja nalo halipo. Wameliiba mchana kweupe! Mwandishi ni mwandishi, nikatoa kalamu: “Mtaa Wahamwa Ghafla. Sababu Haijulikani. Wezi wa Benchi Watamba.” Nikakaa pale, nikiwahurumia wafanyabiashara wetu, mpaka jua likapoa.

Ndipo nikawaona. Mtaa mzima unakuja, watu wamejitwisha viti vichwani! Kinyozi na wateja wake wawili wamebeba benchi. Shemeji ana stuli ya dukani. Na mama watoto kashika kiti chake cha kushonea, anacheka mpaka machozi. Nikataka kukimbia, akaniwahi.

Alinisimulia yeye. Wajumbe watano walifika wakakuta ua wa ofisi ya mji umejaa watu waliokaa kimya kwenye viti vyao, wakisubiri kikao walichoalikwa. Mlinzi amefundishwa kuwazuia wanaosukumana. Waliokaa hakujua awafanyeje. Afisa akasema gazeti limeshakanusha. Wakamwuliza, wapi? Mwishowe, kwa kukosa jinsi, kamati ikaitoa meza yake nje. Muuza mayai akaonyesha mguu wake. Mama mmoja akamwuliza Afisa kwa upole yeye huvukia wapi. Hapo fundi wa ofisi akasimama, akasema mbao mpya ziko stoo tangu mwaka jana, ila hakuna aliyewahi kuziulizia. Hakuna aliyeziulizia! Ua mzima ukaguna. Afisa akaahidi Jumamosi, mbele ya wote.

Nikamwuliza mama watoto alikwenda kufanya nini, hali alijua nimekanusha. Akasema alikwenda kuwaambia watu warudi nyumbani. Basi kiti alibeba cha nini? Akaniuliza mimi nilikuwa wapi, maana watu walimtafuta Mhariri wamshukuru. Nikasema nilikuwa kwenye uchunguzi.

Ijumaa, 8 Mei

Habari kubwa kuliko zote za maisha yangu, na Mhariri Mkuu alikuwa amekaa mlangoni pa duka lililofungwa! Imenibidi nimwombe mama watoto asimulie tena, polepole, huku akishona. Anakumbuka kila kitu, nani kasema nini na nani kakohoa. Nikitia chumvi ananionyesha mkasi. Tumeiandika hivyo hivyo, bila chumvi, na nakiri inasomeka vizuri ajabu. Chini nikaweka: “Na mwandishi wetu aliyekuwepo.” Akasema sawa, lakini mwandishi huyo sasa anataka nafasi yake katika chumba cha mbele, koridoni kuna harufu.

Wachangiaji kumi na mmoja! Kinyozi yumo. Kataka nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kutundika, maana koo limemkauka kwa kutufanyia kazi.

Jumamosi, 9 Mei

Mbao zimefika! Mafundi wanagonga misumari tangu asubuhi, na watu wamejipanga kandokando ya mfereji kana kwamba ni mpira. Nikapita katikati yao na bahasha, roho mkononi. Wanachangia wenyewe, bila kubembelezwa! Mzee mmoja asiyejua kusoma kachangia pia. Anasema mjukuu atamsomea, yeye anataka tu kuambiwa mapema siku ya kubeba kiti. Muuza mayai katoa mayai. Nimempokea, ni mchangiaji kamili. Shemeji naye katoa bila masharti, ila kavaa fulana ya duka lake na kusimama mbele ya kila picha niliyopiga.

Jioni tukahesabu. Ishirini na tisa! Kabaki mmoja tu! Nikafikiria kumwandikisha paka. Mama watoto akakataa, paka hajachangia kitu nyumba hii tangu azaliwe.

Jumapili, 10 Mei

Hodi asubuhi. Afisa Ujenzi mwenyewe, bila tai! Nikajua nimekamatwa, nikajibana nyuma ya pazia. Mama watoto akamkaribisha. Afisa akasema anataka gazeti kila wiki, tena likiwa bado na joto la mashine, ili ajue vikao vyake vimemwalika nani kabla hajafika. Akaweka mchango wake mezani. Mlangoni akageuka, akasema polepole kwamba miaka yote aliyokaa ofisini hajawahi kuona watu wakimsubiri kwa adabu namna ile, na kwamba usiku ule hakulala vizuri.

Thelathini! Nilitoka nyuma ya pazia machozi yakinitiririka, wala sioni haya. Tuna gazeti, na gazeti lina wenyewe. Chumba kinabaki, nusu yangu, nusu ya cherehani. Mama watoto kaniomba kitu kimoja tu: kuanzia leo niulize kwanza, ndipo niandike. Nikamshika mkono, nikaahidi kwa moyo wangu wote.

Kisha nikakimbia kwa mchapaji na toleo la pili. Ukurasa wa mbele umependeza mno! Kidaraja kitazinduliwa rasmi Jumamosi ijayo na Afisa Ujenzi, ambaye siku hiyo hiyo atatangaza taa mpya za barabarani kwa mtaa mzima. Mwenyewe bado sijamwambia. Hakuna neno, ni mchangiaji wetu, atasoma gazetini.