Anayesubiri: Mmoja

Jumatatu, 2 Machi
Nimeshinda! Maktaba ya chuo ya mtandaoni. Niliandika "maji", nikaletewa vitabu elfu na ushei, nusu yake vya mafundi bomba. Nikaandika "kipindupindu". Kikatokea kimoja, ndicho chenyewe! Nakala moja, msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Ijumaa profesa anatuhoji juu ya kitabu hicho, achague msaidizi wa utafiti kati yangu na Miwani, mwanafunzi mwenzangu, yule anayejibu swali kabla halijaisha. Bila kitabu hiki ataongea nini? Nimekifungua. Sikiachii ng'o!

Jumanne, 3 Machi
Kazi kweli kweli. Ukikaa kidogo bila kugeuza ukurasa, maktaba inakupokonya. Basi nageuza. Nakula nageuza, napiga mswaki nageuza. Kusoma sijasoma, macho yote yako kwenye kona ya juu: "Anayesubiri: 1." Miwani huyo! Nacheka peke yangu. Dada kapita, kanipapasa kichwa, kasema hajawahi kuniona na bidii namna hii. Kompyuta yenyewe ni yake, aliniachia nilipohamia kwake. Yeye siku hizi anajisomea kwenye simu akitoka zamu hospitali.

Jumatano, 4 Machi
Dada hakula. Ana kazi ya masomo yake ya jioni, chuoni kwetu hapo hapo, mwisho Ijumaa. Asipoikamilisha hafanyi mtihani, na cheo cha mkuu wa wodi kinampita tena. Kitabu anachokihitaji kuna mtu kakikalia tangu juzi. Nikagonga meza. Nikasema watu wengine hawana utu kabisa. Akanionyesha simu. Jalada la bluu, picha ya bomba. Lahaula! Ndicho kile kile nilichokikalia mimi! Anayesubiri ni dada yangu wa tumbo moja! Miwani hata foleni hakupanga.

Alhamisi, 5 Machi
Niliapa kukiachia asubuhi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa. Halafu nikawaza, Dada yuko zamu, asipokifungua papo hapo foleni itamruka, Miwani si atakidaka? Nikasema mchana. Mchana nikasema jioni. Jioni Dada karudi viatu mkononi, kaketi na simu yake anaangalia foleni isiyosogea. Roho iliniuma mno. Nikamchemshia chai. Neno moja tu lilitosha pale. Nikarudi chumbani kugeuza ukurasa.

Ijumaa, 6 Machi
Aibu gani hii! Profesa kauliza sura ya saba inasema nini. Hakuna binadamu aliyeipitia sura ya saba mara nyingi kama mimi. Nikajibu kwamba ni ndefu. Miwani akaieleza yote, kisha akasema alisoma nakala ya karatasi, ipo maktabani rafuni, wala hakuna mtu anayeiazima. Rafuni! Ningeweza kumletea Dada kwa mikono yangu hii. Miwani kachaguliwa, sawa, anastahili. Lakini Dada kawasilisha kazi nusu. Tena kaniomba msamaha, eti amekuwa mnyonge siku yangu kubwa. Yeye aniombe msamaha mimi! Nilijifungia bafuni nikalia, bomba nimelifungulia asinisikie.

Jumatatu, 9 Machi
Mwalimu wa Dada kamhurumia! Kampa wiki ya ziada, ila mada nyingine, kitabu kingine. Nimeamka kabla yake ili nimsaidie, maana mimi sasa ni mtu mwingine. Nimekitafuta, nimekipata. Nakala moja tu! Na dunia hii ina watu, anaweza kutokea mmoja asiye na haya akakikalia tena. Nikakifungua haraka haraka, nimlindie.

Sasa hivi Dada kapiga kelele kutoka chumbani. Anasema kinatumika, ni yule mtu tena! Sauti yake ilikuwa ya kulia. Nimemjibu atulie, huyo mshenzi safari hii tutamkomesha. Nikikiachia sasa, nani anajua atakayekidaka? Nageuza ukurasa wa pili kwanza, kisije kikaponyoka.