Wanaolilia Zizi Langu la Mbuzi

Kwa Mheshimiwa Mukhtari Nassif,
Kijiji cha Ain Zaytar,
Mlimani, Lebanoni.

Mheshimiwa Mukhtari,

Baada ya salamu na kukujulia hali ya mgongo, naomba uisome barua hii ukiwa umeketi. Tunaonana kila siku, najua, lakini nikikueleza kwa mdomo unanimiminia kahawa na mambo yanaishia hapo. Safari hii nimeona niandike.

Nalalamikia wale jamaa wa Brazil wanaokuja kila kiangazi kutafuta asili ya mababu zao waliohama, na hasa wanayoyatenda kwenye zizi langu la mbuzi.

1. Mgeni akifika na jina la babu yake, wewe kama mkuu wa kijiji ndiye unayemwonyesha nyumba alikotoka. Sasa naomba kuuliza kwa heshima zote: mbona kila babu ametoka zizini kwangu? Kiangazi hiki wamelia pale watu wa koo tatu zisizojuana kabisa. Hata kama wazee wetu waliishi kwa kubanana, zizi lile mbuzi wenyewe hawaenei. Kijiji kizima kinajua kuwa nyumba za waliohama zilikuwa pale ulipojenga gereji yako. Ila nakuelewa, hakuna atakayelia vizuri mbele ya matairi.

2. Kulia peke yake nisingejali. Lakini kila anayelia anaondoka na jiwe. Bi Marlene, yule mama wa Sao Paulo mwenye miwani mikubwa, aliukumbatia ukuta, akaubusu pale pale beberu wangu anapojikunia, kisha akachomoa jiwe la pembeni na kulifunga kwenye mtandio kama kichanga. Jioni mbuzi walipenya kwenye pengo lile wakamaliza maharage ya mjane Hasiba. Nilipokuja kukushtakia, ukanijibu mbele za watu: "Baba Wadih, wenzako wanalilia damu yao, wewe unalilia mawe?" Watu wakacheka. Niliumia, Mheshimiwa, na hadi leo naumia. Ukuta ule ulikuwa ukinifika kidevuni. Sasa unanifika kiunoni, na mimi sijarefuka.

3. Adabu nayo. Wanaingia jikoni kumfundisha mke wangu kupika kibe yetu ya nyama na ngano, eti ameikosea, eti bibi yao aliikamulia ndimu. Bibi yao aliondoka hapa akiwa mtoto wa kubebwa! Wakiuliza babu yao alikuwa mtu gani, wanataka shujaa. Mmoja nilimweleza nilivyosikia kwa baba yangu, kwamba babu yake alikuwa mvivu mwenye sauti nzuri, akaninunia mpaka akapanda gari. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za babu yangu mimi, aliyebaki, akatunza mizeituni ya walioondoka na kuwazika wazazi wao. Pale njia panda mmemjengea mhamiaji sanamu na kifurushi chake begani. Aliyebaki hana hata benchi.

4. Mwanangu Wadih, ambaye sina mwingine. Tangu umpe kazi ya kuwatembeza wageni, ameshajua Kireno chao, na habari za mizeituni hataki kuzisikia. Juzi nilimwita tuuzibe ukuta, akasema, "Baba, ya nini kujenga? Si watarudi tu kuubomoa." Nikabeba mawe peke yangu.

Kwa hayo yote naomba kilio kifanywe kwa zamu, saa za kukamua zikiheshimiwa. Kila anayetaka jiwe langu atangulize jiwe la kwao Brazil. Mbuzi wangu watambuliwe rasmi kuwa warithi wa nyumba hiyo, maana ndio pekee walioishi humo bila kuhama. Na mwisho, niandikishwe na mimi kuwa mhamiaji, ili siku moja nami nitafutwe. Nimeshafika Tripoli, hii yetu ya hapa pwani, mara mbili, na zote nilitapika njiani.

Nisalimie Mama Riyad na wote hapo nyumbani. Mbuzi nao wanakusalimu, wale waliokwisha kurudi.

Wako mwenye ukuta wa kiunoni,
Tanyus Shalhub (Baba Wadih)

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Wadih amepata viza. Anaondoka Jumapili, anakwenda kufanya kazi dukani kwa Bi Marlene. Ameniomba jiwe. Nimemchagulia mwenyewe, la pale mlangoni, na nilipolichomoa upande mzima ukaporomoka. Nikakaa juu ya kifusi nikalia, na mbuzi wakaenda zao. Maombi yangu yote yatupe, Mheshimiwa. Nakusihi moja tu, nawe mwachie maagizo atakayeshika muhuri baada yako: wakija wajukuu zangu kutoka huko, msiwapeleke kwingine, waleteni hapa hapa zizini. Wakitaka mawe, wapeni. Na wakiuliza babu yao aliyebaki alikuwa mtu gani, tafadhali, msiwaambie kwamba alililia mawe.