Kovu la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Bado wodini. Chini ya mbavu panawaka. Daktari anasema mfuko wa nyongo umevimba na umejaa usaha. Wengine hupasuliwa, ukatolewa, yakaisha. Mimi sipasuliwi. Eti moyo wangu hautahimili. Mimi, niliyefundisha michezo shuleni mpaka nikaota mvi! Badala yake watanipitishia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi tumboni, watoboe njia ndogo ya kuingia kwenye mfuko, waache kibomba humo ili uchafu utokee njia ya chakula. Kovu hakuna. Nimeomba muda wa kufikiri.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alipasuliwa nyongo mwaka jana. Tangu hapo hakuna harusi ambayo hajafungua vifungo vya shati.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua wanavyopima moyo. Daktari alimuuliza jirani yangu wa kitanda kama anaweza kupanda ngazi mfululizo bila kupumzika. Akasema anaweza. Kapangiwa upasuaji. Kumbe ni ngazi tu! Kesho daktari akizungukia wagonjwa wa ghorofa ya juu, atanikuta natokea kwenye ngazi, napiga mluzi. Nitapanda kwa lifti, bila shaka. Sina wazimu.

Homa imezidi. Nesi kasema usaha haumsubiri mtu anayefikiri. Nikamwambia avumilie hadi kesho.

Jumatano, 6 Machi

Lifti ilisimama katikati ya safari. Akaingia daktari.

Nilikuwa nimejipaka maji usoni, yaonekane jasho la mwanamichezo. Akauliza nakwenda wapi. Nikasema kupanda ngazi. Hakucheka. Alinishika mkono, akasikiliza mapigo, na hapo hapo miguu ikaniishia nguvu. Nimerudishwa wodini kwa kiti cha magurudumu, polepole, wodi nzima ikitazama.

Mke wangu akasimuliwa yote. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake akakaa, akalikunja upya shuka langu ambalo lilikuwa limekunjwa vizuri tu. Akasema hana haja na mume mwenye nguvu, anamtaka aliye hai. Akasema anaogopa. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Nikatia saini.

Nadhani sikuwa nalitaka kovu. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aseme bado ninafaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka. Koo linawasha kidogo, basi. Homa inashuka, na pale palipokuwa panawaka pametulia. Daktari kasema kibomba kinafanya kazi, na kwamba tungechelewa zaidi asingekuwa na la kuniahidi. Nikainua shuka. Tumbo lile lile, halina hata mkwaruzo. Nimelia, na sioni aibu kuandika. Nimemwapia mke wangu: hila zimekwisha.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Nimekula, nimelala, nimeota jua uani. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hii.

Shemeji kapiga simu. Anakuja jioni na ukoo mzima kunijulia hali.

Kabatini nimekuta plasta pana, ile ya vidonda vikubwa. Nimeibandika tumboni mbele ya kioo, nikafanya mazoezi ya kufungua shati kama mtu anayelazimishwa. Mke wangu akanikuta. Nikajua leo nimekwisha. Akasema mfuko wa nyongo uko upande wa kulia.

Nimeihamisha.