Vita vya Ubongo Nyuma ya Ukuta wa Udongo

Sogeeni, enyi watu wa Morogoro na wa milima ya Uluguru, niwasimulie vita alivyopigana Maneno, simba wa ufagio, mfagiaji wa chumba cha daktari wa Kijerumani, katika mwaka wa pili tangu garimoshi lifike mjini.

Adui alikuwa ukosefu wa usingizi. Alikuwa amemteka Mwaisha, mama mkwe wa Maneno, siku ya tisa sasa. Na Mwaisha akiwa macho hanyamazi. Alikwisha kutangaza kwamba nuksi hiyo imeletwa na mkwe, na kwamba yeye asipolala kufikia Ijumaa, mkwe atarudi kwao peke yake, mkewe Hidaya abaki.

Maneno alimsikia daktari akisema kuwa usingizi hutawaliwa na ubongo. Sehemu gani ya ubongo, daktari hakujua. Basi shujaa akatwaa kibuyu kiwe mfano wa kichwa, akakigawa kwa mkaa sehemu kumi na mbili, akaazimia kuzipekua zote, bila haraka.

Lakini mkwe hagusi kichwa cha mama mkwe, wala hamtazami usoni. Kwa hiyo Alhamisi mchana jemadari aliketi nje, nyuma ya ukuta, kibuyu mapajani. Ndani, mkewe Hidaya ndiye aliyekuwa jeshi.

"Ewe Hidaya, binti wa majabali! Uvamie utosi! Bonyeza, hesabu hadi mia!"

"Mwambie mumeo," alisema Mwaisha, "hiki ni kichwa, si papai la sokoni."

"Mama, amekusikia."

"Mwambie hivyo hivyo."

Utosi haukutii. Paji la uso halikutii. Walipofika nyuma ya sikio la kushoto, Mwaisha aliuliza kama kibuyu nacho kimeshalala. Maneno akatia alama, akasonga mbele.

"Ya saba! Kisogoni! Hapo, mama yangu mtukufu, ndipo penye ngome ya..."

"Mwambie mumeo ngome ziko kwao, na kesho ata..."

Kimya. Kisha mkoromo.

"Ni ya saba?" Maneno alinong'ona.

Hidaya alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimechoka kubonyeza tangu ya nne. Toka hapo alikuwa akimsuka mama yake nywele tu, taratibu.

"Ya saba," alisema. "Nyamaza."

Ijumaa, jua likiwa limepanda, Mwaisha aliamka na kupiga mwayo. "Hidaya, mwambie mumeo magugu yamejaa shambani kwetu."

Iandikeni siku hiyo miongoni mwa siku kuu za dunia: Maneno, mshindi wa ubongo, alikwenda kupalilia.