Huyo Mwana wa Mfalme Asirudi Kwao

Kwa Ndugu Mwandishi wa vile vitabu vya miungu ya Kihindi,

Wewe hukulelewa. Nakwambia mapema nisije nikasahau katikati ya salamu. Hujambo? Sisi hapa Katubuka tungekuwa hatujambo kama si wewe.

Nyumbani kwangu yupo Angelina, aliyevuka ziwa na wanawe wawili akikimbia vita vya Kongo. Kwao alikuwa mwalimu. Tukianika dagaa ufukweni Katonga yeye hutusomea vitabu vyako kwa sauti, na wanawake wote wananyamaza, jambo ambalo hata padri hajaliweza. Sasa sikiliza makosa yako.

1. Mwana wa mfalme anafukuzwa kwao, anakaa porini miaka kumi na minne na mkewe. Chumvi alipewa na nani? Pori lile halikuwa na wenyewe? Mimi nimepokea wakimbizi, najua: siku ya kwanza mtu huja kuomba moto. Wewe umemwandikia upinde unaoongea, jirani hukumwandikia hata mmoja.

2. Jeshi la tumbili. Nilimwuliza Mhindi wa duka la vitenge kama kweli tumbili wao huvaa miwani na kurusha ndege. Akasema, "Bibi, hadithi ni ya kwetu, ila hiyo miwani kaongeza mwenyewe." Basi uongo wako umejulikana mpaka dukani.

3. Tumbili hao wakajenga daraja la mawe baharini. Tangu siku hiyo watoto wanatupa mawe ziwani, eti wanakwenda Kongo. Wamebeba hadi mafiga yangu. Nimepika kwa jirani, mimi, mtu mzima!

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kitabu cha tano umekiachia pale mwana wa mfalme anapoona kwao kwa mbali. Angelina akakifunga, akasema, "Mama, kumbe watu wanarudiaga." Nimempa kipande cha shamba apande muhogo, hataki. Anasubiri kitabu cha sita! Na kule risasi bado zinalia, waliovuka juzi wamesema wenyewe.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: asirudi. Mvunje mguu. Mkewe azae mapacha. Mpe shamba hukohuko porini, lenye rutuba. Na kama ikulu ya baba yake inazidi kumwita, ichome moto, tumbili unao wa kutosha.

Wasalimie wazazi wako, wajue nimeona kazi yao. Msalimie na huyo anayekuchapia vitabu, naye ana lake.

Ni mimi, nisiyecheka,
Bibi Elida, Katubuka

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua nilimpa Angelina aitazame herufi zangu. Hakusahihisha hata moja. Alisema tu, "Mama, asiporudi, aliyemfukuza ndiye ameshinda," akachukua ndoo akaenda bombani. Nimekaa na neno hilo mpaka chai imepoa. Haya, mrudishe. Lakini vita viishe kwanza, vyote, hata vile vidogo, na wewe andika polepole.