Daraja Lisishuke

Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba mwanzoni mwa Desemba Idara ya Madaraja na Vivuko ilikabiliwa na dharura ambayo haijapata kutokea tangu idara iundwe, na kwamba dharura hiyo ilishughulikiwa kwa weledi, kwa kasi na kwa kufuata taratibu zote. Wanaosema vinginevyo wana lao jambo.

Dharura yenyewe iliingia kwa barua. Ilikuwa barua fupi yenye picha ya mawingu, kutoka shirika la ndege, nayo ilimkuta Mkurugenzi wa Madaraja amesimama dirishani na kikombe chake cha chai. Alipofika mstari wa tatu aliketi. Mpendwa msafiri wetu, ilisema barua, ili kubaki katika Daraja la Dhahabu unatakiwa kupanda ndege zetu mara arobaini kwa mwaka. Hadi leo umepanda mara thelathini na nne. Arobaini zako zisipotimia kufikia tarehe thelathini na moja, daraja lako litashuka.

Inafaa kueleza, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuwa na daraja. Mwenye Dhahabu hapangi foleni na watu. Yeye hupita kwenye kipande cha zulia jekundu kilichotandikwa kando ya sakafu ya kawaida, na vyote viwili vinaishia kwenye mlango uleule. Hungojea ndege katika ukumbi maalumu wenye viti vinavyommeza mtu mpaka mabegani, na karanga za humo hazina mwenyewe. Mkobani mwake huning'inia lebo ya dhahabu. Ile ya Mkurugenzi haikuwahi kutolewa: ilikwenda ofisini, ilikwenda sokoni, na ilikwenda msibani kwa jirani. Kwenye harusi ya mpwa wake, wageni walipokaribishwa chakula, alisimama peke yake kabla meza yoyote haijaitwa, akasema kwa upole, "Kundi la Kwanza," kama wa Dhahabu waitwavyo mlangoni pa ndege, akaenda kupakua.

Mkewe alimuuliza siku ile kama kadi yake ya Dhahabu ikiwekwa kwenye sahani inaliwa. Mkurugenzi hakukasirika. Mkewe alikuwa Daraja la Bluu, na watu wa Bluu wana machungu yao: hupanda ndege mwisho, huketi karibu na choo, na mhudumu huwaambia "pita huku" badala ya "karibu tena". Kilichomkosesha raha ni Mkurugenzi wa Barabara, mtu aliyesoma naye darasa moja na kunakili hesabu zake zote. Huyo naye alikuwa na Dhahabu, na kwa habari zilizothibitishwa alikuwa ameshafika arobaini na tatu.

Basi kazi ikaanza. Isidhaniwe kwamba zile thelathini na nne zilikuja kama mvua. Mkurugenzi alizitolea jasho. Aliwahi kupanda ndege kwenda kukagua daraja lililo mwendo wa saa moja kwa gari, ingawa uwanja wa ndege wenyewe uko mbali kuliko daraja. Sasa akajiandikisha kwenye Warsha ya Kujenga Madaraja ya Mawasiliano, ambayo ilihusu namna ya kuongea na wenzako kazini. Alisikiliza siku mbili, akashikana mikono kwenye duara, akarudi na thelathini na sita zake. Warsha ya pili, ya mwendelezo, ilikuwa imeshakatiwa tiketi. Hiyo ingemfikisha thelathini na nane. Zilibaki mbili tu, kwenda na kurudi, popote pale chini ya jua.

Hapo ndipo Katibu Mkuu wa wizara alipotoa waraka. Safari zote za ndege ambazo hazijakatiwa tiketi zimesitishwa mpaka mwaka mpya, ila za dharura.

Mkurugenzi alikuwa bado ameushika waraka ule simu ilipolia. Alikuwa dada yake mkubwa, mkunga kule walikozaliwa, kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya mto. Kwa kawaida Mkurugenzi hakupenda simu za dada, maana dada ana wimbo mmoja: daraja la mbao la mto ule, ambalo ndiyo njia pekee ya kufika zahanati, na ambalo limeoza. Alikwisha kuiandikia idara barua kumi na moja. Lakini siku hiyo Mkurugenzi alikuwa na mawazo yake, akapokea bila kuangalia ni nani.

"Mdogo wangu," dada alisema bila hata salamu, "daraja linashuka."

Mkurugenzi akakaa wima. Hakuwa amemwambia mtu yeyote wa nyumbani. "Nani kakwambia?"

"Nani aniambie, na macho ninayo? Huku kila mtu anajua."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Watu wanaolipanda siku hizi ni wengi mno. Halikutengenezwa kwa watu wote hao."

Mkurugenzi alifumba macho. Miaka yote alidhani ukoo mzima haumwelewi. "Dada, hayo ndiyo ninayoyasema mimi. Zamani lilikuwa la watu wachache."

"Sasa mmekaa mnaangaliana. Mwaka huu ukiisha hujafanya kitu, limekwenda. Na likishashuka, kulirudisha ni mwaka mzima mwingine."

"Mwaka mzima," Mkurugenzi alirudia.

"Na wanaoumia zaidi ni wajawazito."

Hapa hakumfuata vizuri. Ila alikumbuka kwamba pale mlango wa ndege wajawazito nao huitwa mapema, akaona huenda na wao wamebadilishiwa masharti. Dada akaendelea kusema kwamba juzi tu amembeba mmoja mgongoni, uchungu umeshamshika, maji yamefika hapa. Mkurugenzi alijua dada yake anapenda mafumbo.

"Hata mimi, dada. Maji yamenifika shingoni."

"Basi fanya kitu."

"Nitafanya. Nakuapia, halitashuka."

Dada akamwambia Mungu ambariki, kwa sauti ambayo Mkurugenzi hakuwa ameisikia tangu walipomzika mama yao. Dada alipokata simu, alikuwa analia.

Mkurugenzi akavuta karatasi saa ileile, moyo ungali wa moto. Mtumishi muadilifu hawezi kuandika kwamba anaomba kupanda ndege kwenda popote na kurudi. Kuna lugha ya serikali kwa ajili hiyo. Na kwa kuwa maneno ya dada yalikuwa bado yanamlia masikioni, na hakuwa na mazuri kuliko hayo, aliyatumia yaleyale.

"Yah: Dharura ya Kunusuru Daraja. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Daraja liko katika hatari ya kushuka. Wanaolipanda wamekuwa wengi mno kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka huu ukiisha bila hatua kuchukuliwa, litakuwa limekwenda, na kulirudisha kutachukua mwaka mzima. Hivyo, naomba fungu lote la safari lililobaki idarani lielekezwe kwenye kulinusuru kabla ya tarehe thelathini na moja. Naomba kuwasilisha."

Akalitia sahihi dokezo hilo, akalituma masijala, akaenda zake kwenye warsha ya mwendelezo.

Masijala kuna mama mmoja, Bi Masijala, aliyekaa na mafaili miaka ishirini na sita na hajapoteza hata moja, isipokuwa kwa maelekezo. Alilisoma dokezo mara mbili. Halikutaja ni daraja lipi. Angemuuliza mwenyewe, lakini mwenyewe yuko angani. Basi akafanya kinachofanywa na mtu anayeijua kazi yake: akaenda kwenye kabati, akatafuta daraja linaloshuka, linalopandwa na watu wengi mno, na ambalo likienda kulirudisha ni mwaka mzima. Faili la hivyo lilikuwa moja, lenye barua kumi na moja za mkunga mmoja. Akaliambatanisha, akalipandisha juu.

Katibu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika utumishi wake wote alikuwa ameona wakurugenzi wakiomba safari kwa ajili ya mkutano, kwa ajili ya matibabu, na mmoja kwa ajili ya kuhudhuria kikao cha kupunguza safari. Hakuwahi kumwona hata mmoja aliyeomba kunyang'anywa. Akachukua kalamu yake ya wino wa kijani, akaandika ukingoni: "Nakubali. Fungu lote la safari liende kwenye daraja hili. Mhandisi atekeleze leo. Mkurugenzi asipande ndege yoyote mpaka lisimame."

Mhandisi wa idara, mwanamke mmoja mkimya, alikuwa amelichora daraja lile mara nne katika miaka sita na kila mchoro umewekwa kabatini. Alipouona wino wa kijani hakuuliza swali. Alipakia vyuma, mbao na mafundi, akaondoka kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Mkurugenzi aliporudi na thelathini na nane zake, Bi Masijala alimwambia kwamba limekubaliwa. Hakulifungua faili. Mkubwa halifungui faili lililokubaliwa. Hiyo ni kutafuta maneno. Halafu Katibu Mkuu mwenyewe akampigia kumwambia kwamba ameguswa sana, ajiandae alfajiri ya tarehe thelathini na moja, watakwenda wote wawili. Kumbe mzee naye anatafuta arobaini zake, Mkurugenzi aliwaza, na kwa mara ya kwanza akampenda bosi wake kama ndugu.

Siku ilipofika alivaa suti, akachukua mkoba wenye lebo, akaketi nyuma ya gari la ofisi. Gari la Katibu Mkuu lilitangulia. Walifika njia panda ya uwanja wa ndege, gari la mbele likanyoosha, na la nyuma likanyoosha.

"Umepita," alisema Mkurugenzi.

"Nimepita wapi, mzee?" dereva aliuliza.

"Uwanja."

Dereva alimtazama kwenye kioo. "Si tunaenda darajani?"

Ndipo Mkurugenzi akaomba faili, ambalo dereva alikuwa amepewa alibebe, na akaona wino wa kijani. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini hawakusema kwamba kushuka kwenyewe kunachukua saa kumi na mbili kwa gari kwenye barabara ya vumbi. Njiani zilipita ndege mbili juu yao. Alizisindikiza zote kwa macho mpaka zikapotea.

Walifika jua likizama. Dada yake alimwandalia kitanda cha wanawe, kifupi, akakaa ukingoni huku akimtazama kama mtu anayeangalia mgeni.

"Mhandisi alinionyesha barua yako," alisema. "Maneno yangu yote umeyaandika vilevile, hujaacha hata moja. Mimi miaka yote nilidhani hunisikilizi."

Mkurugenzi alivua koti la suti, akalikunja.

"Nilikusikia, dada," alisema.

Haukuwa uongo, lakini maneno hayo yalimchoma, na usiku ule miguu yake ilining'inia nje ya kitanda mpaka kunakucha.

Asubuhi ya mwaka mpya daraja likafunguliwa. Lilikuwa la chuma, jembamba, limesimama imara juu ya maji kama lililokuwapo siku zote. Katibu Mkuu alihutubia. Alisema huyu hapa ndiye mtumishi wa mfano, aliyezitoa safari zake zote ili wajawazito wavuke, na kwamba kuanzia leo mfano wake utafuatwa na wizara nzima: mafungu yote ya safari yatahamia kwenye madaraja, bila kumsaza mtu, na atakayetaka kukagua daraja atalifuata kwa gari. Salamu maalumu zimeshatumwa kwa Mkurugenzi wa Barabara. Watu walipiga vigelegele. Mkurugenzi alipiga makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia.

Kisha ikaja kuvuka. Mhandisi alikuwa ameagiza kwamba siku ya kwanza wavuke kumi kumi, na mlinzi wa daraja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akigawa vibao vya mbao vyenye namba. Dada naye alikuwa amebandika ubao wake: wajawazito kwanza, kisha wagonjwa, kisha wazee wasiojiweza, kisha wengine wote. Chini palikuwa na foleni moja ndefu, na hapakuwa na zulia.

Mkurugenzi hakukusudia. Ni miguu tu, miguu imezoea. Ilimpeleka moja kwa moja mpaka mbele, ikapita akina mama na watoto, na mkono nao ukaingia mfukoni wenyewe ukatoka na kadi. Mlinzi aliipokea kwa adabu. Akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaisoma yote, mbele na nyuma, kama mtu aliyewekwa pale kwa sababu anajua kusoma.

"Mzee," alisema, "hii imeisha jana."

Akamrudishia kwa mikono miwili, pamoja na kibao cha mbao, na kumwonyesha mwisho wa foleni. Mkurugenzi akaenda. Mbele yake alimkuta Katibu Mkuu, naye ameshika kibao chake, anatazama mto. Nyuma yake alikuja bibi mmoja mwenye kapu la kuku, akamuuliza amepata namba ngapi.

Mkurugenzi akakitazama kibao. "Arobaini," alisema.

"Haya, baba," alisema bibi. "Zimetimia."

Watu wakacheka, na foleni ikasogea hatua moja.