Kanisa Letu Si Meli

Much Yardle,
Shropshire,
Jumatatu baada ya Pentekoste

Mheshimiwa Baba Askofu Pendlebury,

Salamu katika jina la Bwana. Nakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa mzee wa kanisa na mtunza ufunguo wa Kanisa la Mtakatifu Oswald, na nakuandikia shingo upande, kwa sababu si desturi yangu kuwasema watu. Leo nitamsema mmoja tu.

Huyo ni Bwana Cyril Gittins, jirani yangu tunayepakana naye ua, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Wewe mwenyewe ulituarifu kwamba kanisa ambalo waumini wake wa Jumapili wanatosha benchi moja haliwezi kuendelea kuwa wazi, na kwamba utakuja Jumapili ya Mavuno kujionea kama kuna mtu anayelihitaji. Barua hiyo niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nimebatizwa humo, nimeolewa humo, na natarajia kutolewa humo ndani ya jeneza. Ndiyo maana nataka utakapofika ukute kanisa, siyo hicho kitu ambacho Bwana Gittins amelifanya.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Gittins anawaambia wageni kuwa boriti za kanisa letu zimetoka kwenye meli ya vita iliyozama. Baba Askofu, hapa bahari tunaiona kwenye kalenda tu. Mialoni ya boriti hizo ilikatwa kwenye msitu ulio juu ya shamba la Preece, ikaburutwa na maksai kuteremka mlima, ikaunganishwa kwa vigingi vya mbao bila msumari, na kuta zikasukwa fito na kukandikwa udongo. Najua kwamba katika nchi hii kila baa na kila banda la kuku lenye boriti iliyopinda linadai kuwa na undugu na meli. Madai hayo yote yangekuwa kweli, wafalme wetu wangebaki bila meli na kupigana vita vyao kwa kuogelea. Lakini baa ni baa. Sisi ni nyumba ya Mungu.

2. Nilipomwonya alinijibu hivi, na ninanukuu: "Bi Muriel, wape huo ukweli wako tuone nani atarudi. Watu wametoka Birmingham na chai yao kwenye chupa, halafu unawaletea habari za msitu wa Preece. Kwani kwao hakuna miti?" Jambo baya zaidi ni kwamba mgeni akiambiwa ukweli na mimi hutazama saa yake. Akiambiwa uongo na Gittins hutazama juu, mdomo wazi. Hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

3. Tangazo lililo kwenye lango la kanisa lilikuwa likisema ufunguo upo nyumba yenye mlango wa kijani. Mlango wa kijani ulikuwa wangu, tangu enzi za mama yangu. Wiki ya Pasaka, Bwana Gittins aliamka akapaka wake kijani. Nikapaka wangu mwekundu na kubadilisha tangazo. Kesho yake na wa kwake ukawa mwekundu. Nilipomuuliza, alisema, "Rangi ilikuwepo tu stoo, Bi Muriel. Ulitaka niinywe?" Ufunguo wa pili alipewa na kasisi wetu, ambaye ana makanisa sita ya kuhudumia na hana nguvu ya kugombana na mtu.

4. Anawaambia wageni wabandike sikio kwenye nguzo ya kaskazini ili wawasikie mabaharia waliozama wakigonga. Na wanawasikia kweli. Ni wadudu, Baba Askofu, wale wale wanaotafuna mbao ambao tumekuwa tukikuomba dawa yao tangu kiangazi cha mwaka juzi. Yaani wadudu wanaolila kanisa sasa wanaheshimiwa kama marehemu. Bibi mmoja alilia. Nayo nguzo, ninayoing'arisha kwa nta kila Jumamosi, imejaa mafuta ya nywele.

5. Watoto wa Shule ya Jumapili, wote wawili, wameacha kusema wanaenda kanisani. Wanasema wanapanda meli. Jumapili iliyopita yule mkubwa, Tamsin, alimuuliza kasisi katikati ya mahubiri, "Baba Kasisi, tunazama taratibu au tumekwama?" Aliuliza hivyo kwa sababu sakafu yetu imeinamia upande wa madhabahu. Kasisi akasema swali ni zuri. Mahubiri yote yaliyobaki yalikuwa juu ya Nuhu.

6. Nimelifikiria jambo hili hadi mwisho wake, maana naona hakuna mwingine anayefikiri. Kama ni meli, basi si mali ya dayosisi bali ya jeshi la majini, na wewe huna mamlaka ya kulifunga wala kulifungua. Kama ni meli, sadaka ni nauli. Kama ni meli, kasisi wetu ni nahodha, naye hutapika hata akipanda bembea. Na ndoa zote zilizofungwa humo zilifungwa baharini, ina maana mimi na marehemu Wilfred tuliishi maisha yetu yote kwa cheti cha nchi kavu. Sitaki Wilfred anisubiri mbinguni kama mchumba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na lolote kati ya hayo litanitosha. La kwanza, utoe waraka wenye mhuri wako unaotamka kuwa Kanisa la Mtakatifu Oswald si meli, halijawahi kuwa meli, wala halina nia ya kuwa meli. Waraka huo usomwe katika kila kanisa la jimbo, na hapa kwetu usomwe na Bwana Gittins mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma. La pili, kama waraka ni mzito, basi ulitangaze kuwa meli rasmi, jeshi lije lilichukue, na kabla ya hapo tuletewe maboya ya kuwatosha waumini wote pamoja na mpiga kinanda, ambaye hajui kuogelea.

Nasema haya huku nikijua hatari yake. Wageni wakiacha kuja, utalikuta tupu na utalifunga, nami nitakukabidhi ufunguo kwa mkono wangu. Lakini heri ulifunge likiwa la kweli kuliko kuliacha wazi likiwa la uongo. Sentensi hiyo nimeiandika, na sitaifuta.

Nisalimie Mama Askofu, watoto, katibu wako mwenye sauti ya upole kwenye simu, na yule mbwa wenu. Kasisi anakusalimu. Mpiga kinanda anakusalimu. Hata Bwana Gittins angekusalimu, kama angejua kuwa naandika.

Wako katika imani, na katika nchi kavu,

Muriel Tranter (Bi)
Mzee wa Kanisa

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijatoka nyumbani Alhamisi lilipokuja basi la wastaafu kutoka Stafford. Bwana Gittins alikuwa kwa daktari wa meno, ikabidi nifungue mimi. Niliwapa ukweli wote: msitu, maksai, vigingi, udongo. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kufunga vifungo vya makoti. Mzee mmoja mwenye mkongojo akamwambia mkewe, "Haya mama, twende zetu, tumeshaona. Ni ghala tu lenye msalaba." Baba Askofu, sijui nilishikwa na nini. Niliusikia mdomo wangu ukiwaambia kuwa hawajaliona kaburi la nahodha. Wakarudi wote. Niliwapeleka kwenye lile jiwe la kaburi lililofutika maandishi, karibu na ukuta, nao wakavua kofia. Yule mzee akauliza nahodha aliitwa nani, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuiandikia bahasha hii anwani, jina lililonijia lilikuwa Pendlebury. Wameahidi kurudi Jumapili ya Mavuno, mabasi mawili, na shada la maua. Watakukuta hapa. Wakikuuliza kama alikuwa babu yako, nakusihi, usikatae.